Mwaka Nilipomnywesha Mama Mkwe Maji ya Malori

Nilipohamia Busia mjini nilijisifu kwa mama mkwe kwamba nyumba yetu ina mfereji ndani. Yeye, kule kijijini Bukhayo, alikuwa bado anateka maji ya chemchemi, nami, msomi wa mjini, nilimhurumia. Kisha kiangazi kikaja. Mfereji wangu ukawa ukifunguliwa asubuhi unapiga mluzi, unakohoa mara mbili, basi.

Nikaenda ofisi ya maji kulalamika. Karani alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonitia wasiwasi.

"Maji iko, mama. Shida ni presha tu."

"Na presha itakuja lini?"

"Ikinyesha."

Nikamshukuru. Si kila siku mtu hupata jibu la kitaalamu namna hiyo.

Basi nikaanza kununua kwa mzee mmoja wa mkokoteni, aliyeapa kwamba maji yake ni ya kisima cha pampu, upande wa Uganda. Sisi watu wa mpakani huamini kila kizuri hutoka ng'ambo: vitenge, matoke, na sasa maji. Yalikuwa na rangi ya chai iliyopungukiwa majani, lakini nilijiambia hayo ni madini.

Wiki hiyo mama mkwe akaja kututembelea. Nilipiga magoti nikampa glasi ya maji hayo kwa mikono miwili, adabu zote zikiwa kamili. Kilichokosekana ni kuyachemsha tu. Makaa yalikuwa yameisha, na mgeni hangojeshwi. Akanywa, kisha akaitazama glasi.

"Hii maji inatoka wapi, mwanangu?"

"Uganda, mama."

"Aa. Ndiyo maana imechoka."

Kesho yake alishinda akikimbilia choo, choo ambacho hakikuwa na hata tone la kumwagia. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Nilimpeleka zahanati, akatundikiwa dripu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani kavu, nami nikakosa pa kuyaweka macho yangu.

Alipopata usingizi nilitoka nikamtafuta yule mzee wa mkokoteni, nikamfuata nyumanyuma. Hakukaribia mpaka. Alipita maegesho ya malori, akashuka kwenye kijito ambapo malori huoshwa, akajaza mitungi yake hatua chache tu kutoka kwenye povu.

"Mzee, hii ndiyo Uganda?"

Hakushtuka. Akaelekeza ng'ambo kwa kidevu. "Si Uganda ni hapo tu? Maji haina kitambulisho, mama."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini niligeuka nikaondoka. Nilirudi zahanati nikamweleza mama mkwe kila kitu, pamoja na habari ya makaa. Alicheka hadi muuguzi akaja kushika mpira wa dripu.

"Nilionja nikajua," akasema. "Lakini ulipiga magoti vizuri sana. Ningekataaje?"

Kumbe heshima nayo huharisha. Nililia pale pale, naye akanipigapiga mgongoni kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Alipopona alikataa katakata kupitia kwangu, akarudi Bukhayo moja kwa moja. Tangu hapo kila Jumamosi napanda bodaboda kwenda kwake na mitungi miwili mitupu. Chemchemi imepungua, foleni ni ndefu, na nikisubiri zamu yangu mama mkwe hunipa jembe nimpalilie mihogo. Anasimama kando, ananionyesha magugu niliyoyaruka. Yeye hayaruki hata moja.