Askari wa Mama wa Murungu

Mdomo wangu huu! Mimi mtu wa Tanga, kwetu utani ni salamu, nao ndio nilioubeba hadi kwenye zahanati moja ya Kibondo nilikopangiwa kazi ya maabara.

Tulikuwa tukiwafuatilia wagonjwa waliomeza dawa mseto ya malaria. Kila wiki, kwa wiki nne, waje tuwatoe damu, tuone kingamwili zao zinapanda au zinashuka. Neno kingamwili halikumwingia mtu, basi nikawa nasema askari. Wakaelewa mara moja.

Mama mmoja wa Murungu alikuwa hakosi. "Mwakeye, daktari," ataniamkia kwa Kiha. Udaktari sina, ila hapa koti jeupe linatosha. Majibu yake ya kwanza yaliporudi nikamwambia, "Mama, wewe una jeshi zima! Malaria za tangu utotoni zimekujengea askari." Akacheka, akamwinua kidogo binti yake wa mwaka na nusu aliyekuwa kifuani. "Na huyu?"

"Huyu si ananyonya? Anawanyonya hao hao!"

Nilikuwa natania, jamani. Nilijua fika kwamba kinga anayozaliwa nayo mtoto huisha mapema, na ya kwake mwenyewe alikuwa bado hajaijenga. Nilijua. Foleni ilikuwa ndefu, nikaita mwingine.

Wiki ya nne alikuja mikono mitupu. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema mtoto alipata homa Jumatatu, naye hakuona sababu ya kumleta. Alikaa naye mkekani, kila akilia anamnyonyesha, ili askari wamfikie. Siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Walimzika Ijumaa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Mama, kosa ni langu," nikasema. "Ule ulikuwa utani tu. Ungemleta apewe dawa."

Sijui kama alinisikia. Alikaa kwenye kiti, akanipa kidole chake nikitoboe. "Nitoe damu, daktari. Ulisema nisikose."

Nikamtoboa huku machozi yananidondokea kwenye glovu. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani pote, na hakujishughulisha kuifunika.

"Uwahesabu vizuri," akaniambia taratibu. "Nadhani wote walibaki kwangu."