Nani Alitangulia Kupanda

Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta nyumbani mwaka huu, mwendo mfupi kutoka soko la Pap Onditi. Trekta la kukodi likaja, na mashamba yetu yote yakalimwa na kupandwa bila mtu kuuliza nani atangulie. Jioni mtoto wa kaka yangu akanisomea historia ya ukoo anayoiandika kwa ajili ya watoto waliozaliwa mijini. Ukurasa wa pili ulidai kwamba mama yangu alipanda kabla ya mama mkwe wake, na kwamba ndiyo sababu mtama ulikauka msimu mmoja wa utoto wangu. Nilimwamuru afute. Nimetunza majalada ya serikali maisha yangu yote ya kazi. Sitakubali marehemu mama aandikiwe kosa bila shahidi.

Shahidi ni mimi.

Kama nawe ulikulia upande wetu wa ziwa, utakumbuka kwamba hakuna mke wa mwana aliyeangusha mbegu kabla ya mke mkubwa wa boma kuangusha zake. Msimu ule nyanya, ambaye ndiye aliyekuwa mke mkubwa, alikuwa amenuna. Babu alikuwa amepeleka ng'ombe wa plau wakalime kwanza kwa mke mdogo, naye nyanya akaketi jikoni akichambua dagaa wa omena kana kwamba mvua inanyesha kwa jirani. Udongo mweusi uliganda nyayoni mwetu, ugali ulizidi kuwa mdogo kila jioni, na mbegu za mama zikabaki kibuyuni zikinukia moshi.

"Mama, mvua itatuacha," mama alisihi mlangoni.

"Nyar Sondu," nyanya alimjibu, kwani alimwita daima kwa jina la kwao, "huko Sondu mnapanda mkikimbizwa? Mwambie baba mkwe wako anipandie. Si ndiye mwenye ng'ombe?"

Mama alicheka kwa adabu, kisha akaenda kulia nyuma ya ghala.

Asubuhi moja nilitumwa kuokota kuni, nikamkuta nyanya nyuma ya jiko lake. Alitoboa udongo kwa kidole gumba cha mguu, akadondosha punje chache za mtama, akazifukia kwa kisigino.

"Umeona nini wewe?"

"Sijaona kitu, Dani," nilimjibu, kwani ndivyo tulivyomwita nyanya kwa lugha yetu.

"Vizuri. Babu yako akiuliza, mimi bado nimekasirika."

Siku hizo hizo mama alipanda kwa siri. Babu alipogundua, alimfokea mbele ya boma zima. Nyanya alinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Mama aliomba radhi kwa kupiga magoti, na alizeeka akiamini kwamba alikosa.

"Basi, Shangazi, niandike kwamba nyanya ndiye aliyetangulia?" mtoto wa kaka yangu aliniuliza.

Nakumbuka jembe la mama likiwa limeegemea ukuta, lina udongo mbichi. Lakini je, niliuona udongo huo nikienda kuokota kuni, kabla sijamkuta nyanya, au kesho yake? Nimejaribu kuzipanga siku hizo mara nyingi, na kila mara hujipanga upya. Pale palipokuwa jiko pamesimama tangi la maji. Ghala halipo, kibuyu hakipo, na waliokuwa wakingojeana wote wamezikwa.

"Andika nyanya alitangulia," nilisema hatimaye.

"Siku gani, Shangazi?"

Nikamwambia aache nafasi wazi. Mimi, ambaye katika utumishi wangu wote sikuwahi kupokea karatasi isiyokuwa na tarehe.