Mzee Kushoto na Picha ya Misalaba Sita

Na Dafrosa Wambura, Stockholm

Saa kumi na mbili asubuhi, Oktoba 1976, Vällingby, kitongoji cha Stockholm, bado kuna giza. Mtunza uwanja wa mpira anapiga magoti kando ya kigari chake cha kuchorea mistari. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali. Hasali. Anapapasa chini ya kigari, taratibu, akitafuta waya wa bomu ambao hajawahi kuuona na anaomba asiuone kamwe.

"Leo hakuna," anasema huku akijipangusa magoti. "Kesho sijui."

Ndipo anaanza kusukuma. Chokaa inamwagika, mstari wa pembeni unatoka umenyooka kama uzi. Kila baada ya hatua kumi anageuka nyuma. Mstari hauna haja ya kukaguliwa, maana mkono wake haukosei. Anachotazama ni lango la uwanja.

Ana miaka hamsini. Jina lake amekataza lisiandikwe, na hilo ni sharti lake la kwanza. Vijana wa Tanzania na Kenya wanaosomea ufundi hapa Stockholm, ambao huwafundisha kandanda kila Jumamosi bila malipo, wanamwita Mzee Kushoto. Mguu wake wa kushoto, hata leo, ukigusa mpira golikipa hujuta kuamka.

Sharti la pili ni kwamba habari hii itoke kwa Kiswahili tu.

"Ninaowaogopa wanasoma Kijerumani, Kiitalia na Kiswidi," anaeleza. "Kiswahili bado hawajakifikia."

Mzee Kushoto alizaliwa Šibenik, mji wa pwani ya Kroatia, katika nchi ya Yugoslavia. Kwa misimu tisa, kuanzia 1947, alikuwa mshambuliaji wa timu ya kwao, akafunga mabao 112. Huyahesabu mwenyewe, na ukitia shaka atakusimulia moja moja mpaka uombe msamaha.

"Siku hizo tukishinda tulipewa unga," anakumbuka. "Ukifunga matatu, jozi ya viatu. Nilivaa vizuri kuliko baba yangu."

Timu ya taifa ilimwita mara moja. Alikaa benchi dakika zote tisini. "Benchi lile nalijua mpaka misumari yake," anasema, na hiyo ndiyo mara pekee asubuhi hii anapotabasamu.

Mwaka 1956 goti liliteguka, mpira ukaisha. Alibeba vyuma kiwandani miaka kumi na moja. Mwaka 1967 viwanda vya Uswidi vilikuwa vikitafuta wafanyakazi Yugoslavia, naye akaja. Goti lilipokataa kusimama penye mashine, akapata kazi hii ya uwanja. Analipwa kroni elfu tatu na mia mbili kwa mwezi, chumba kina joto, na majani anayokata ni kama yale aliyokimbia juu yake ujanani. Angeweza kuwa mtu wa raha zake.

Lakini Aprili 1971 balozi wa Yugoslavia aliuawa kwa risasi katika mji huu na Wakroatia waliotaka kwao kujitenga. Mzee Kushoto hakumjua balozi wala waliomuua. Hata hivyo, tangu siku ile kila Mkroatia wa Stockholm alitazamwa mara mbili.

Kwanza walimjia wenzake wawili waliohama nchi, wakitaka jina lake kwenye orodha ya chama chao cha kuipinga serikali ya Yugoslavia. Mfungaji maarufu angevuta watu. Akakataa. Wiki iliyofuata akaja mtu wa sauti ya upole, wa serikali ya huko kwao, amevaa koti la kijivu, akataka kujua ni akina nani waliomtembelea. Akakataa kusema. Wahenga walisema wapiganapo mafahali wawili ziumiazo nyasi, na bwana huyu riziki yake ni nyasi.

Kisha ikaja barua ya dada yake, mstari mmoja: "Usiandike tena, wamekuja kumhoji mama."

Mama yake sasa ana miaka themanini na mmoja. Mzee Kushoto hakuandika tena. Aliacha kwenda kanisani, kwa kuwa huko ndiko wananchi wenzake hukutana. Akahamia Hallunda, kitongoji kingine cha Stockholm, bila kumuaga mtu. Amekaa kimya miaka mitano, akiamini ukimya wake unamlinda mama.

Mapema mwezi huu wa Oktoba, bahasha ikaanguka mlangoni kwake. Haikuwa na jina la mtumaji. Juu yake iliandikwa "Familia ya", kisha jina la ukoo, lakini jina lake mwenyewe halikuwapo. Stempu ilikuwa ya hapa hapa Stockholm.

Ndani mlikuwa na picha ya timu yake ya mwaka 1953, wachezaji kumi na mmoja. Juu ya vichwa sita palichorwa misalaba midogo kwa wino mweusi. Kichwa cha sita kilikuwa chake. Nyuma ya picha paliandikwa kitu kimoja tu: tarehe mbili Novemba, saa tatu asubuhi.

"Nilijua ndiyo siku yangu," anasema. "Wamenipangia mpaka saa."

Polisi hakuwaendea. "Polisi wataandika jina langu, na jina likishaandikwa, hujui litasafiri mpaka wapi."

Kwa wiki tatu alishuka treni kituo kimoja kabla ya chake, akamalizia kwa miguu, goti likimlilia. Alilala na viatu. Picha aliificha stoo ya uwanjani, nyuma ya magunia ya chokaa.

Huko ndiko Severin Mashauri alikoikuta Jumatano iliyopita. Severin, kijana wa Bukoba anayesomea ufundi wa mitambo, alikuwa amefuata mipira.

"Rudisha!" Mzee Kushoto alimkemea.

"Samahani, Mzee," Severin alisema. "Nilikuwa nawatazama tu hawa marehemu."

"Marehemu gani?"

"Si hawa wenye misalaba? Kwetu kuna picha ya kwaya ya marehemu baba. Mwanakwaya akifariki, mama anamchorea msalaba kwa kalamu. Sasa wamebaki wawili tu ambao hawana." Kijana akaigeuza picha. "Na Novemba mbili, Mzee, si Siku ya Marehemu Wote? Hii itakuwa saa ya misa."

Mzee Kushoto alikaa juu ya gunia. Ni Mkatoliki wa kuzaliwa, lakini hofu ilikuwa imemsahaulisha hata kalenda ya kanisa lake. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Akaanza kuhesabu kwa kidole. Golikipa alikufa kwa mapafu, jeneza alilibeba yeye mwenyewe. Beki wa kulia alizama baharini. Wengine wawili aliwazika kabla ya kuondoka. Wa tano alisikia ni mgonjwa. Kidole kikafika kwa wa sita, kikasimama.

Severin alicheka. "Basi Mzee, hakuna anayetaka kukuua. Wenzako wameshakuzika!"

Mzee naye akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. Sasa alielewa kwa nini bahasha ilitumwa kwa familia. Rafiki wa zamani alikuwa akiwaalika wafiwa kwenye misa ya huko kwao, na pengine msafiri aliulizia anwani ya jina la ukoo, akaitumbukiza posta hapa kwa kuwa hata huko kwao watu wanaogopa kuandika.

"Kama wao wamenizika," alimwambia Severin, "mama je?"

Tangu Jumatano swali hilo halijamwacha alale. Ukimya aliouweka kama ngao ndio uliomvisha mama nguo nyeusi. Na bado hana hakika.

"Nusu yangu inamwamini Severin," anakiri. "Nusu nyingine bado inapapasa chini ya kigari."

Leo ni Ijumaa, tarehe ishirini na tisa. Saa nane mchana, baada ya kazi, anaingia ofisi ya telegramu mjini, Severin upande mmoja, mwandishi wa makala haya upande wa pili. Mara tatu anataka kutoka. Telegramu husomwa na kila mtu njiani, na wakishaisoma watajua kuwa yupo, na kwamba ana mama.

"Lakini Jumanne saa tatu," anasema kwa sauti ndogo, "atakuwa amepiga magoti ananiombea kama marehemu. Mimi nikiwa hapa nachora mistari."

Anaandika maneno matano: MAMA NIKO HAI USIWASHE MSHUMAA.

Karani anaisoma fomu, anairudisha. "Jina la mtumaji na anwani, tafadhali."

Mzee Kushoto anatazama mlango. Wanaingia watu wawili wenye makoti, wanapita. Anaishika kalamu, anaandika herufi moja moja. Karani anagonga mhuri, fomu inapotelea ndani.

Nje anafunga vifungo vya koti. Akijaliwa pasipoti mpya, anataka kupanda treni mwezi Juni akajionyeshe kwa mama kwa mguu wake mwenyewe, ule wa kushoto utangulie. Wakimkamata mpakani, angalau mama ataambiwa wamemkamata mtu aliye hai.

Kisha anamgeukia mwandishi. "Na wewe pia andika jina langu. Lote."

Anakumbushwa sharti lake mwenyewe.

"Najua. Naogopa vilevile kama asubuhi," anajibu. "Andika."

Anaitwa Jerko Vrsalo. Yu hai.