Uzi wa Zubery

Zubery, mchuuzi wa mpunga pale Mbeya, hakununua kwa kubahatisha. Kila siku ya gulio alipigilia msumari kwenye ukuta wa duka lake: bei ikipanda, msumari juu, ikishuka, chini. Misumari yote aliiunganisha kwa uzi mmoja. Uzi ukishuka mara mbili, na mara ya tatu ukakataa kushuka, alikwenda Rujewa kuweka arbuni kwa mpunga ulio bado shambani, auchukue wakati wa mavuno kwa bei ya siku aliyoweka arbuni. Asipoutaka, arbuni ilipotea. Wenzake walimcheka, mpaka walipoona nyumba yake imeezekwa bati.

Ubaya wake ulikuwa mkono. Mkulima akisitasita alikula kofi, na Siwema, mkewe, aliujua mkono ule kuliko mkulima yeyote.

Mwaka 1956 uzi ulikataa kushuka, naye akaweka akiba yake yote kwa Kalinga, mwenye shamba kubwa. Mavuno yalipofika, bei ilikuwa imepanda maradufu. Alimkuta Kalinga amesimama mbele ya lundo la mpunga, panga kiunoni.

"Arbuni yako hii hapa, Bwana Zubery. Mpunga wangu hautoki kwa bei ile. Watoto watakula nini?"

"Ulipokea mbele ya watu," Zubery alisema, akamtandika ngumi ya mdomo. Jino liliruka. Alipoanguka akamshindilia mateke ya mbavu, kisha akawaamuru wapakizi wapakie.

Kalinga aliinuka anachuruzika damu. Hakumgusa mtu. Alichukua kijinga jikoni akautia moto mpunga wake mwenyewe. Zubery, roho imemtoka, alijitosa kuvuta masuke kwa mikono, na hapo ndipo panga liliposhuka kwenye kiwiko chake cha kulia. Mara moja tu, ikatosha.

Askari walimchukua Kalinga. Zubery alirudishwa Mbeya, akalazwa chini ya ukuta wake, kigutu kimefungwa matambara. Siku ya gulio Siwema alirudi kutoka sokoni.

"Bei?"

"Imepanda tena. Mpunga si umeungua?"

Zubery aliutazama uzi. Ulikuwa umesema kweli, na hata katika maumivu yale aliona fahari, mwehu yule.

"Pigilia msumari juu kabisa. Ufunge uzi."

Siwema alimwekea kifuani nyundo, msumari na kibunda cha uzi.

"Funga mwenyewe, bwana," alisema, akaenda kuinjika chungu.