Mji wa Vigae na Sahani ya Fiston

Harufu ya shamari na mdalasini vikiokwa pamoja hunisisimua mwili hadi leo. Wenzangu humezea mate keki. Mimi hugeuka kutazama mlango.

Ndiyo iliyokuwa harufu ya jiko la Dona Lurdes, bibi mjane wa Kireno pale mtaa wa Kensington, huku kusini tulikokimbilia, ambaye mama alimshonea mapazia. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka tisa, na shule ikiisha nilishinda kwake mpaka mama anichukue turudi kwetu, mtaa wa Bertrams.

Ukuta mmoja wa jiko lile ulijaa vigae vya buluu na vyeupe vilivyochorwa mji alikozaliwa: boma la mawe limeuzunguka, ngome juu, vijumba vimebanana chini. Historia yake alinisimulia utadhani ni umbea wa majirani. Boma walilijenga Waislamu. Mfalme mmoja akauteka mji. Mwingine akampa mkewe uwe zawadi ya harusi, na kila malkia aliyefuata akapewa vilevile. Nilimwambia mama yangu alipoolewa alipata vitenge sita tu, na mbuzi wakaenda kwa babu. Alicheka mpaka akashika meza.

Kila tarehe mosi Novemba aliwaandalia wafu wake, akioka mikate mingi kuliko sahani. Aliweka sahani, akatia mkate mdogo wa shamari, akataja jina, kisha akaburuta kidole juu ya vigae kumwonyesha mhusika njia: langoni, chini ya tao, apande ngazi, aje mezani. Baada ya hapo sote tulitoka tukakaa uani saa nzima, wafu wapate kula kwa faragha.

Mwaka ule nami nikataka sahani, ya kaka yangu Fiston. Alitupotea njiani tulipokimbia vita kutoka Uvira, yeye na miaka mitano, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Dona Lurdes aliniuliza kama amefariki. Nikasema ndiyo. Sikuwa na nia mbaya, jamani. Nilimwonea wivu tu, yeye ana wafu watano, mimi sina hata mmoja. Uvira haikuwapo kwenye vigae, kwa hiyo nikampitisha Fiston kwenye lango la Wareno.

Tulikuwa uani mama alipofika. Nikamweleza kwa fahari. Akaketi kwenye ngazi.

"Nani alikuambiaka Fiston alikufa?" aliniuliza polepole. "Mimi nilimuzika wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Dona Lurdes alipotuita ndani, madirisha yalikuwa yamefungwa vilevile, hewa imepoa, na mikate mitano imemegwa. Wa Fiston ulikuwa mzima.

"Huyu hakuitika, mama," Dona Lurdes alisema, akimshika mama mkono. "Hayuko kwa wafu."

Mama alilia kwa sauti, kwa furaha. Tangu hapo, kila Novemba alikwenda mwenyewe, moyo juu, kama aendaye kuchukua majibu ya hospitali. Kila mwaka mkate wa Fiston ulikutwa mzima, na mama akaishi kwa hilo hadi mwaka uliofuata.

Mwaka 2013 Dona Lurdes alifariki, na wanawe wakauza nyumba pamoja na vigae vyake. Novemba ilipofika, mama alioka mwenyewe chumbani kwetu Bertrams. Aliweka sahani moja, akaita jina, akaburuta kidole ukutani pasipo na kitu: langoni, chini ya tao, panda ngazi. Tukafunga mlango, tukasimama barabarani juani.

"Ingia weye," aliniambia saa ilipotimia. "Mimi miguu imekataa."

Mkate ulikuwa umemegwa pembeni, kwa vidole vidogo.

Niligeuka kutazama mlango. Kisha nikachukua mwingine kwenye oveni nikauweka sahanini, na ule nikaujaza wote mdomoni. Mama aliponiuliza kama Fiston amekuja, nilitikisa kichwa kukataa. Akakaa chini ukingoni mwa barabara akamshukuru Mungu.

Wakati ule niliona nimemdanganya, na niliogopa. Ilinichukua miaka kukumbuka kwamba Dona Lurdes alikuwa akiingia kwanza, peke yake, sisi tukingoja atuite. Leo nadhani najua alichokuwa akikikuta mezani tangu Novemba ile ya kwanza, na kwa nini alioka mikate ya ziada.

Mama yu hai, bado anamngoja mwanawe. Kila Novemba mimi ndiye ninayetangulia kuingia.