Nyumba ya Nakhungu na Kaburi la Mgomba

Nakhungu alipika katika shule moja ya bweni ya wasichana mjini Kitale kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuunguza ugali hata siku moja. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Wasichana walioula ugali huo wana yao ya kusema, lakini tuyaache. Kwa mshahara wa mwiko alinunua robo ekari kando ya barabara ya Endebess, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, na hati ya ardhi ikaandikwa jina lake, si la mume. Mumewe, Wangila, alikuwa utingo wa lori la mahindi, mtu wa kuondoka Jumatatu na kurudi siku aijuayo yeye.

Sasa Nakhungu amestaafu, magoti yamemgomea, na binti yake wa pekee, Fridah, anafundisha chekechea Bungoma. Kila Fridah alipopiga simu alikuwa na neno lilelile. "Mama, uza hiyo nyumba ukuje tukae karibu. Siku utaanguka bafu huko peke yako, nani atajua?" Na kweli kulikuwa na kiploti kinauzwa Bungoma, kimepakana na kwa Fridah, na mwenye kiploti alikuwa amekubali kungoja mpaka Desemba. Nakhungu alishaanza kupanga kichwani jiko litakaa wapi na mjukuu atalala upande gani. Hakutaka kitu kingine duniani ila kwenda huko.

Basi akatafuta broka. Akamwambia hivyo kwa simu, "Unaitwa Gathii broka?" na huo ndio ukawa mwanzo wa kukosana kwao kidogo.

"Mimi ni ajenti, Mama Fridah," alisema Gathii alipofika, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, viatu vyenye ncha, simu mbili mkononi. "Mabroka ni wale wanasimama pale steji ya matatu."

Nakhungu hakuona tofauti, ila viatu. Ajenti akapima ploti kwa hatua, akapiga picha nyumba, tangi la maji na miparachichi miwili iliyozaa vizuri mwaka huo. Alipozunguka nyuma ya jiko, simu ikabaki hewani. Mbele yake kulikuwa na kaburi la saruji, limepakwa chokaa, lina msalaba.

"Na hii?"

"Ni mzee wangu."

"Pole sana, mama. Lakini si ungeniambia? Kitu ya kwanza mteja anauliza ni maji. Ya pili ni kaburi."

"Hata hivyo hayuko humo," Nakhungu akasema.

"Hayuko wapi?"

"Humo ndani. Aliyezikwa ni mgomba."

Gathii alilitazama kaburi, akamtazama mama, akalitazama kaburi tena. Alikuwa ameuza ploti zenye mafuriko, ploti zenye kesi, hata ploti moja yenye kanisa katikati. Mgomba ulikuwa mgeni kwake. Ikabidi aketi juu ya ndoo iliyofunikwa na kuelezwa.

Miaka tisa iliyopita, mvua ya Agosti, lori la Wangila lilisombwa na mto upande wa Suam, kule mpakani na Uganda. Dereva alipatikana siku ya tatu. Wangila hakupatikana siku ya tatu, wala mwezi wa tatu, wala mwaka ulipokwisha. Kisha Fridah akapata mchumba, na wazee wa ukoo wakasema mahari haipokelewi katika nyumba ambayo haijulikani baba yuko au hayuko. Kwa Wabukusu, kabila lao, mtu wa namna hiyo ana njia yake. Walikata shina la mgomba lenye kimo cha Wangila, wakalivisha suti yake ya kijivu, wakalilaza sandukuni na kulililia kama mtu. Nakhungu alinyolewa. Mchungaji aliomba vizuri, akakwama kidogo tu pale pa kusema "mwili huu". Chifu alihutubia, akala kuku. Tangu siku hiyo Nakhungu akawa mjane, na ujane aliufanya kwa bidii kama alivyofanya kazi zote. Kila Krismasi alinunua chokaa akalipaka kaburi mwenyewe, akizungumza nalo juu ya bei ya unga.

"Sasa hiyo ni rahisi!" Gathii akasema akisimama. "Hakuna mtu, hakuna shida."

Ajenti anaposema jambo ni rahisi, mwenye nyumba akae chonjo. Lakini Nakhungu alifurahi.

Mteja alipatikana wiki ileile, Bi Sabiha, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka karibu na msikiti mjini, aliyetaka kujenga vyumba vya kupangisha. Alipenda tangi, alipenda miparachichi. Kwenye kaburi alisimama kwa adabu, na alipoelezwa akashika mdomo.

"Mgomba? Subhanallah!" Kisha akafikiri. "Dada yangu, kama ni mtu, mimi singenunua. Siwezi kujenga vyoo juu ya maiti ya mtu. Lakini huo mgomba, miaka minane, si umeshakuwa mbolea? Uondoe tu kabla hatujaandikiana."

Nakhungu alisema atauondoa. Kusema ni bure. Lakini siku hiyo jioni, akimwaga maji ya vyombo nyuma ya jiko, alijikuta akiyamwaga mbali na kaburi kama alivyofanya siku zote, na akajiuliza alikuwa akimheshimu nani hasa.

Wakili wa kuandika mauzo alikuwa mwanamke mpole, Bi Chepkemei, ofisi yake juu ya duka la mbegu. Alisoma hati, akavua miwani.

"Ploti ni yako, mama, hakuna shaka. Lakini hiyo ni nyumba ya ndoa. Haiuzwi mpaka mume akubali kwa sahihi yake. Kwa hivyo niletee mume, ama uniletee cheti cha kifo."

"Mume alizikwa."

"Basi cheti kiko?"

Cheti hakikuwapo. Serikali haimwandikii mgomba cheti cha kifo. Nakhungu alikwenda kwa chifu, yuleyule wa kuku, amwandikie barua kwamba Wangila alizikwa mbele yake. Chifu alijikuna shingo. "Mama, siku hiyo nilikuja kama jirani. Sikuja kama serikali." Nakhungu alirudi nyumbani akiwa haelewi jirani alikaa kiti gani na serikali ilikaa kiti gani, kwa maana aliona kiti kimoja tu.

Bi Chepkemei akawaonyesha njia nyingine. Mtu akipotea miaka saba bila habari, korti inaweza kumhesabu amekufa. Nakhungu aape, na ndugu mmoja wa mume aape, kwamba kwa miaka hiyo hawajamwona wala kusikia habari zake.

"Hujasikia chochote, si ndiyo?" wakili akauliza, kalamu tayari.

"Ndiyo," Nakhungu akajibu, na alijua ameongopa.

Kwa sababu kulikuwa na Sellah. Sellah huuza nyanya sokoni Kitale na huzifuata Suam, na miaka minne iliyopita alimvuta Nakhungu kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ng'ambo ya mpaka alimwona mtu akipakia viazi, na mtu huyo alikuwa Wangila, au alikuwa na bega la Wangila, lile la kushoto lililoinama. Alikuwa na mwanamke na watoto wawili. Nakhungu alimjibu kwamba macho yake yanahitaji daktari, na kwa mwezi mzima akanunua nyanya kwa mtu mwingine. Hakumwambia Fridah. Hakumwambia yeyote. Alikuwa tayari amenyolewa, amelia, amefarijiwa na kanisa zima, na mume aliyekufa ni mume asiyekuacha. Akaendelea kupaka chokaa.

Ndugu wa kuapa alikuwa Mukhisa, kaka yake Wangila, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi cha Webuye mpaka akapewa mkono wa kwaheri. Alikuja na kofia yake, akanywa chai vikombe viwili, akakubali.

"Mulamwa, nitaapa," alimwambia Nakhungu, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao. "Ndugu yangu amekufa. Mimi mwenyewe nilishika sanduku upande wa kichwa."

Gathii, aliyekuwa akila andazi, ndipo alipofungua mdomo. "Asante mzee. Na siku ya kutoa mgomba utakuja pia, ama mama atafute vibarua?"

Kikombe kilitua mezani kwa kishindo.

"Kutoa nini?"

"Mgomba. Mteja anataka ploti safi."

"Bana, wewe unajua unasema nini? Ule si mgomba tena. Ule ni Wangila! Mkiutoa, mmesema hajafa. Mmemrudisha. Na akirudishwa, huyu si mjane. Ni bibi ya mtu, na bibi ya mtu hauzi boma la bwana yake!"

Akavaa kofia. Ilibidi Gathii amfuate mpaka langoni akimbembeleza, mpaka mzee akasema sawa, ataapa, lakini kaburi lisiguswe.

Usiku huo kichwa cha Nakhungu kilikuwa kama sufuria iliyojaa kupita kiasi. Alijaribu kulipanga jambo kwa vidole. Korti inataka Wangila awe amekufa. Bi Sabiha anataka kaburi litoke. Mukhisa anasema kaburi likitoka, Wangila hajafa. Na Wangila asipokufa, korti haikubali, basi Bi Sabiha hanunui, basi kiploti cha Bungoma kinakwenda. Alianza tena kwa kidole kingine akafika palepale. Ardhini mume amekufa, kwenye karatasi yu hai, kwa maneno ya sokoni anapakia viazi. Na yeye mwenyewe ni nani? Mjane, au mke, au mwanamke mjinga aliyezungumza na mgomba miaka minane juu ya bei ya unga? Alihisi hasira, kisha aibu, kisha hakujua anahisi nini, akalala na nguo zake.

"Tuanze na korti," Gathii alimwambia kwa simu asubuhi. "Ya kaburi nitaongea na Bi Sabiha, tuweke seng'enge hapo kona. Wewe kuja tu uape. Tukichelewa, Desemba ndiyo hiyo, mama, na Bungoma hawatakungoja."

Siku ya kuapa ofisi ilikuwa na joto, na harufu ya dawa ya mbegu ilipanda kutoka dukani chini. Mukhisa aliapa kwanza. Aliinua Biblia upesi, akasema upesi, akatia sahihi upesi, akaketi. Kisha Bi Chepkemei akasogeza karatasi ya pili, akamsomea Nakhungu polepole ili aelewe kila neno: kwamba yeye ni mke wa Wangila, kwamba mumewe alipotea, kwamba tangu wakati huo hajamwona, wala hajasikia kutoka kwa mtu yeyote kwamba yu hai.

Nakhungu alishika Biblia. Akaiona Bungoma, jiko, mjukuu. Neno moja tu na mambo yote yangekwisha. Alifungua kinywa.

"Nimesikia," akasema.

"Mama Fridah!" Gathii akanong'ona kama mtu aliyekanyagwa.

"Nimesikia. Ati yuko ng'ambo ya Suam. Ati ana bibi na watoto. Sijui kama ni ukweli. Miaka minne nimekaa na hiyo maneno na mpaka leo sijui."

Akageuka kumtazama shemeji yake, akitarajia ashtuke, apige kelele, aseme huo ni uzushi wa soko. Mukhisa alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ni nani amekuambia?" aliuliza.

Hakuuliza kama ni kweli. Hakuuliza vipi, wala lini, wala kama mtu aliyemwona ana akili timamu. Mtu aliyeshika sanduku la ndugu yake upande wa kichwa akisikia kwamba ndugu huyo yu hai, hilo silo swali lake la kwanza. Mzee akashindwa kumtazama Nakhungu. Wote waliokuwamo walielewa. Bi Chepkemei alinyoosha mkono taratibu, akaichukua karatasi ya Mukhisa yenye wino mbichi, akaiweka ndani ya droo.

"Tangu lini, mulamwa?" Nakhungu akauliza.

"Mwaka ule tulizika," Mukhisa akasema, akiiambia kofia. "Baadaye kidogo. Alinipigia. Mimi ningefanya nini? Mahari ilikuwa imekuliwa. Watu walikuwa wamelia."

Ilimuuma. Ilimuuma Nakhungu hapa chini ya titi, mahali ambapo siku ya mazishi hapakuuma hivyo, na machozi yalimtoka bila sauti mbele ya ajenti na wakili. Alikuwa amelia kwa ajili ya Wangila mara nyingi, lakini ni mara ya kwanza kumlilia aliye hai. Alipomaliza alijifuta kwa leso, akamgeukia Bi Chepkemei.

"Wakili, ulisema ni cheti ama sahihi?"

"Cheti cha kifo, ama sahihi ya mume. Mojawapo."

"Basi niandikie ile ya sahihi."

Bi Chepkemei aliiandika, ukurasa mmoja, akaacha mstari mtupu chini penye jina la Wangila. Nakhungu aliikunja mara mbili, akaitia kifuani, akasimama juu ya magoti yake mabaya.

"Gathii, una gari?"

"Niko nayo, lakini, mama, tunaenda wapi?"

"Suam. Mulamwa atatuonyesha nyumba."

Mukhisa akavaa kofia. Gathii alitazama simu zake zote mbili kana kwamba mojawapo ingemwambia la kufanya. "Na tukimpata," aliuliza, "mimi kama ajenti nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli," Nakhungu akasema, akishika mlango. "Mwambie kaburi lake limepata mteja."