Samli Ndani ya Kompyuta ya Mzee Mashimba

Kisa hiki hamtakiamini. Hata waape sheikh na padri kwa pamoja, mtasema mjomba mtu kalewa. Lakini kilitokea Mwamapalala, na mwenyewe ni Dastan, mtoto wa dada yangu, fundi wa kompyuta pale Bariadi. Akili zote alizonazo kazirithi kwa wajomba. Kinyaa tu ndicho kisichojulikana kakitoa wapi.

Maana Dastan ana kinyaa cha kuzidi. Unywele mmoja kwenye mchuzi, chakula kimekwisha. Mtangazaji akivuta kamasi, yeye anazima redio. Na riziki yake Mungu kaiweka wapi? Ndani ya makompyuta ya watu, ambamo kuna mende, mayai ya mijusi, na jasho lililogandamana na vumbi mpaka kibodi zimeota ukoko.

Sasa huyo huyo akampenda Justina, binti wa Mzee Mashimba, katibu mstaafu wa chama cha wakulima wa pamba. Justina akamwonya mapema.

"Baba hamkatai maskini wala fundi. Anamkataa mtu anayekunja pua nyumbani kwake. Kuna mwalimu alijiziba na leso zizini, posa yake ikafia pale pale kwenye mavi ya ng'ombe."

"Mimi nikunje pua kwa nini?" akasema Dastan, huku anafuta kiti kabla hajakalia.

Haukupita muda, mzee akamwita Mwamapalala. Si kwa posa, kwa kompyuta.

"Mwadila, baba," Dastan akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, kijana. Kitu hicho hapo. Majirani wananicheka, eti nimefuga panya wa umeme. Kiwashe leo wanyamaze, halafu tutaongea habari ya binti."

Dastan akajiona kashaoa. "Mfumo wake wa zamani umechoka, baba. Tutaweka Linux. Huo hauna makuu, ni kama mbuzi wa kienyeji, anakula kilichopo."

"Kilichopo kiasi gani?"

"Prosesa ya biti sitini na nne, memori gigabaiti mbili, diski gigabaiti ishirini na tano."

"Vyote vimo. Memori ziko mbili, ya moja na ya moja. Tena nimeitunza mwenyewe."

Kuitunza! Dastan alipovuta ubavu wa lile boksi, harufu ikamtandika kama kofi. Mzee alikuwa ameshindilia pamba mbichi humo ndani, vumbi lisiingie, kama watu wanavyofunga mayai ya safari. Mtu wa pamba akitaka kutunza kitu, anakitia pamba. Na panya akiona pamba iliyopangwa vizuri ndani ya chumba cha bati, atasema nini zaidi ya ahsante? Ile pamba ilikuwa imegeuka njano kwa mikojo. Katikati yake yamelala makinda ya panya, mekundu, hayana hata unyoya, yanajipindapinda kama vidole vilivyomenywa.

Mate yakamjaa Dastan mdomoni. Chai ya asubuhi ikayafuata. Akatazama mlango wa jikoni, akamwona Justina amekaza macho. Akameza. Kile alichokimeza tusikitaje.

"Vipi?" akauliza mzee.

"Safi tu, baba."

Akalitoa lile tandiko zima kwa kijiti, akasugua kwa brashi huku anapumulia mdomoni, akachomeka flashi yenye Linux, akawasha. Kioo kikawaka! Kisha maandishi yakatoka: memori haitoshi. Mashine ilikuwa inaona gigabaiti moja tu.

"Ya pili haionekani, baba."

"Itaonekanaje, nimeipaka samli isishike kutu."

Kumbe ile memori ya pili ilikuwa imezama chini ya tonge la samli iliyochacha, la kijani pembeni, limenasa miguu ya mende na manyoya ya panya. Dastan akazima mashine, akaingiza koleo, likateleza. Akatazama huku na huku.

"Baba, hakuna mfuko wowote nivae mkononi?"

Mzee akaitazama mikono ya Dastan. Jicho lile lilikuwa baya kuliko harufu.

"Ndama akikwama tumboni, kijana, sisi tunaingiza mkono mtupu mpaka begani. Hatuombi mfuko. Wewe utamuuguza binti yangu kwa mifuko?"

Hapo ndipo posa ilipokuwa inafia. Dastan akafumba macho, akazamisha vidole. Samli ikapenya kwenye kucha, vuguvugu. Kitu fulani chenye miguu kikamkwaruza kidole gumba, naye hakuthubutu kujua kama kilikuwa hai. Akapapasa, akakamata ukingo, akavuta. *Nyaak!* Ikatoka.

Akaifuta kwa spiriti, akaisugua yale meno yake ya kunasia umeme kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Akawasha. Gigabaiti mbili. Na kwa kuwa samli ilizuia kutu kweli, mzee akajifanya hajashangaa.

Linux ikaingia polepole, watu wamejazana uani, mpaka mzee alipoliona jina lake limeandikwa kwenye kioo. Akawageukia majirani, akakinyoshea kioo kidole. Kisha akamwambia Dastan, "Kaa ule, mkwe."

Mkwe! Justina akaweka ugali wa mtama, mlenda, na bakuli la mtindi. Mzee akaketi mbele yake kumtazama, maana mtihani wa mezani ulikuwa bado. Na ndani ya ule mtindi, ndugu zangu, mlikuwa na nzi. Si mmoja. Walikuwa kama saba, wanono, wanaogelea kama wako Ziwa Victoria, na Dastan akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akawameza wote, halafu akalamba mdomo akaomba aongezewe wa—

"Anko!" akanikatiza Dastan mwenyewe kutoka nyuma yenu. "Nzi alikuwa mmoja, na aliyemmeza ni baba mkwe!"